Kikundi: Wasomaji wa Jumamosi

Dada Zuhura: Jumamosi saa 10 jioni, kitabu cha Plato, Crito. Namba za pembeni 43 hadi 54. Nani yupo?

Dada Zuhura: Watu 14 mmesoma. Tiki za bluu naziona.

Hamisi: Nipo dada. Pembeni wapi? Changu kina namba za chini tu

Dada Zuhura: Mara ya tatu naeleza! Kurasa hutofautiana kila toleo, za pembeni ni zilezile kwa wote. Tafuta 43a.

Hamisi: Kumbe! Nilidhani ni bei 😂

Kaka Beka: Bei utaijulia wapi, wewe wa kuazima usirudishe

Hamisi: Bado tu lile daftari?

Kaka Beka: Sijataja daftari mimi

Dada Zuhura: Jamani!! Swali: mahakamani Socrates alisema wakimwachia kwa sharti aache falsafa, hatawatii. Gerezani sasa akingoja kuuawa, rafiki yake Crito kaandaa kila kitu, hela ya kuhonga ipo, yeye anasema hatoroki, sheria zisivunjwe. Kajipinga?

Mama Neema: Mzee wa miaka 70 akimbilie wapi na magoti yale 😂😂

Hamisi: Thesalia. Crito ana wenyeji huko, 45c

Kaka Beka: Hajajipinga. Kukataa amri ni jambo moja, kukwepa adhabu yake ni lingine. Alikataa, akabaki, akalipa. Wengine hukataa halafu wanajitoa kwenye kikundi

Hamisi: Mimi nilitolewa.

Dada Zuhura: Beka futa hiyo

Kaka Beka: Kwani nimetaja mtu?

Mzee Salehe: Nimesoma jana usiku. Kwenye hizo sheria sikufika. Nimekwama pale mwanzo. Crito kafika alfajiri, kamkuta mwenzake amelala, kakaa kando kimya asimwamshe. Nilipofiwa na mke wangu, humu mlinitumia picha za mishumaa.

Dada Zuhura: Shikamoo mzee.

Hamisi: Tusamehe mzee wetu

Mzee Salehe: Marahaba.

Dada Zuhura: Mzee, Jumamosi tukija kwako itafaa?

Mzee Salehe: Viti ni vinne.

Mama Neema: Mimi nitakaa chini, magoti yangu bado mazima

Dada Zuhura: Haya. Hamisi, Mama Neema, mimi, labda Beka. Wengine andikeni majina

Kaka Beka: Hiyo labda kaiweka nani?

Rashidi: Simu ilizima, ndiyo kwanza naona. Jumamosi hii au ile nyingine?