Kupima lugha mapema baada ya kiharusi

Swali (muuguzi, Malindi):
Wenzangu, mgonjwa wa kiharusi akishatulia wodini, nitajuaje haraka kama lugha imeathirika au ni ulimi tu mzito?

Jibu:
Dada, tumia LAST, kipimo kifupi cha lugha kilichotoka Ufaransa: jumla alama 15, dakika chache tu. Kutaja picha alama 5, kurudia unachosema 2, kuhesabu moja hadi kumi 1, kuonyesha picha 4, kufuata maagizo 3. Akipata chini ya 15, mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi na lugha. Maagizo toa kwa mdomo pekee, mikono itulie! Ukiashiria, atafuata mkono wako nawe utadhani ameelewa.

Jibu:
Mvalishe miwani kwanza. Picha zipange moja chini ya nyingine, maana huenda haoni upande wa kulia. Mzee wa Kigiriama mpime kwa Kigiriama. Ila ukitafsiri au kubadilisha picha, alama zichukue kama dalili tu.

Jibu:
Mwenye ulimi mzito huchagua maneno sahihi, ila hayasikiki vizuri. Akijua kuandika, ataandika sawa. Mwenye afasia, yaani lugha yenyewe imeathirika, hulikosa neno, au husema "uma" akitaka "kijiko". Anayemiminika maneno yasiyoeleweka mara nyingi huandikiwa "amechanganyikiwa", kumbe huenda ni afasia, na hilo linaumiza sana. Rudia kipimo kesho yake. Siku za mwanzo hali hubadilika.