Machu Picchu kwa "njia ya bei nafuu" ya Hidroeléctrica: mawakala wa Cusco wametupiga, soma kabla hujalipa

Wakuu, salaam.

Nina hasira nimekaa nayo wiki tatu, leo naitoa. Kama humu kuna mtu anajipanga kwenda Machu Picchu, magofu ya kale ya Wainka kule Peru, na ameshaanza kutumiwa bei za "kifurushi cha bei poa", asitoe hata senti tano kabla hajamaliza uzi huu.

Mimi kwetu Marangu, kwa sasa naishi Texas na mke wangu. Safari hii tuliidunduliza miaka miwili. Shida ya Machu Picchu ni kwamba barabara ya gari haifiki Aguas Calientes, kile kimji kilicho chini ya magofu. Ni reli au miguu. Treni ya watalii kutoka mji wa Ollantaytambo inaanzia kama dola 60 kwa mtu mmoja, kwenda tu, na siku nyingi inapita hapo. Wenyeji wana treni yao ya sol (pesa ya Peru) chache ambayo mgeni hapandi hata akiwa na hela mkononi. Hilo silalamikii hata kidogo, sisi wenyewe Kilimanjaro na Serengeti tuna bei ya mgeni na bei ya mwananchi, na ni haki. Kwa hiyo tukachagua miguu, na mpaka leo siujutii uamuzi huo.

Njia yenyewe ni hii. Unatoka mji wa Cusco kwa basi dogo, mnapita Ollantaytambo, mnapanda hadi Abra Málaga, mahali barabara inapovuka mlima kwa urefu wa zaidi ya mita 4,300, halafu mnateremka kona juu ya kona mpaka Santa María, kwenye joto na migomba. Kutoka hapo hadi Santa Teresa ni barabara ya vumbi iliyochongwa ubavuni mwa korongo. Mto uko chini kabisa, na pembeni hakuna kingo. Gari linaishia Hidroeléctrica, kwenye mtambo wa umeme wa maji, saa sita au saba tangu mtoke Cusco. Hapo unaandikisha jina na pasipoti, unafuata reli kwa miguu kilomita kama 10, na ndani ya saa mbili na nusu au tatu uko Aguas Calientes. Maelfu ya watu wanapita hivyo. Ni njia nzuri, yenye mto, ndege na kijani mpaka machoni.

Sasa sikieni tulichofanyiwa.

Tuliingia ofisi ya wakala mmoja mtaani Cusco. Dola 120 kila mtu, siku mbili na usiku mmoja: gari kwenda na kurudi, chumba, chakula cha jioni na tiketi ya kuingia magofuni. Nikamwuliza yule dada mara mbili, kwa Kispania changu cha kuungaunga na kwa Kiingereza, tiketi ni ya mzunguko gani, yaani sehemu gani ya magofu utapita. Akaniambia mzunguko wa 2. Nikauliza tunaingia saa ngapi. Asubuhi. Tiketi zenyewe akasema tutazikuta Aguas Calientes, tutapewa na mwongozaji. Nikakubali, nikalipa. Kosa hilo ndilo nataka wewe usilirudie.

Gari lilitakiwa kuondoka saa moja asubuhi. Liliondoka saa tatu kasoro, kwa sababu dereva alizunguka hoteli hadi hoteli akisubiri viti vijae. Baada ya hapo akaanza kufidia muda kwenye kona za Abra Málaga. Kwa watu wa kwetu nieleze hivi: Cusco yenyewe iko mita 3,400 hivi, umeshaipita kambi ya Mandara ya Kilimanjaro. Abra Málaga umeipita na kambi ya Horombo, na hukupanda kwa siku mbili tatu kama mlimani kwetu, umepanda ukiwa umekaa kwenye kiti. Mke wangu kichwa kilikuwa kinampasuka. Akaomba gari lisimame atapike. Dereva akapitisha nyuma mfuko wa plastiki na kuendelea. Mimi nimekua naona wapagazi wakisimamisha msafara mzima kwa ajili ya mgeni mmoja aliyeumwa kichwa. Kile kitendo kiliniuma kuliko hela.

Tulishuka Hidroeléctrica saa kumi na nusu jioni. Kule jua huzama karibu na saa kumi na mbili. Hakuna aliyetuambia tubebe tochi, maana tulihakikishiwa tutafika saa nane mchana. Kipande cha mwisho tulitembea gizani. Nani amewahi kutembea juu ya mataruma ya reli usiku? Nafasi yake haifanani na hatua ya mtu, ukikanyaga taruma hili lile linalofuata liko karibu mno, ukiruka moja mguu unatua kwenye kokoto. Mke wangu ameshika simu, chaji asilimia 9, anamulika miguu yake na yangu. Mara honi. Taa ya treni ikatokea kwenye kona, tukajibanza kwenye majani mabichi yaliyolowa, behewa zikapita upepo ukitupiga usoni. Nilimshika mkono, mapigo ya moyo wake nayasikia kwenye kiganja.

Usiku mwongozaji akaleta tiketi. Mzunguko wa 3. Kuingia SAA SITA MCHANA.

Ambaye hajui, tangu Juni 2024 Machu Picchu imegawanywa mizunguko mitatu yenye njia 10 ndani yake, na ukishaingia na mmoja huruhusiwi kuhamia mwingine. Wa 1 unapita matuta ya juu, ndiko inakopigwa ile picha inayojulikana dunia nzima. Wa 2 unapita matuta ya juu na kuingia mjini. Wa 3 unapita chini. Na huko chini kuna Hekalu la Jua na ukuta wake wa duara, mawe yamefungamana bila saruji wala udongo, kazi ya zama za Pachacuti, mfalme wa Wainka, miaka ya 1400 na kitu. Ni pazuri, sikatai. Ila mke wangu alikuwa na ile picha ya juu ukutani tangu tunaishi chumba kimoja Dar. Pale mlangoni mlinzi kijana akaskani tiketi, akaweka kidole kwenye maandishi "Circuito 3", akatuonyesha njia ya chini. Mke wangu akamwomba dakika tano tu za juu. Kijana akatikisa kichwa kwa upole. Yeye simlaumu, anafuata tiketi.

Na hiyo saa sita mchana piga hesabu mwenyewe. Gari la kurudi Cusco linaondoka Hidroeléctrica saa nane na nusu mchana. Ukiingia magofuni saa sita, uzunguke, ushuke, halafu utembee kilomita 10, gari hilo hulipati kwa namna yoyote. Wakala anazijua saa hizi kuliko mtu yeyote. Alijua alichotuuzia hakiwezekani, akapokea hela na kutabasamu.

Tulilala na kuamka na uchovu, tukaingia, tukashuka, na jioni tukalazimika kununua treni ya kutoka Aguas Calientes, dola 82 kila mmoja, halafu gari jingine usiku hadi Cusco. Tumelipa kama aliyepanda treni tangu mwanzo, na giza, matapishi na mzunguko wa 3 juu yake. Niliporudi ofisini yule dada akaniambia tiketi zimebadilishwa na serikali. Tiketi ina jina langu na namba ya pasipoti yangu. Imenunuliwa jioni ya siku ile ile niliyolipa, tarehe na saa zimechapwa juu yake.

Kuna watakaokuja hapa kuniambia cha rahisi ni ghali. Hapana, wakuu. Njia haina kosa lolote. Huko tulikutana na vijana wa Kolombia waliotoka Cusco wenyewe kwa basi la kuelekea Quillabamba, wakashuka Santa María, wakachukua teksi ya kuchangia hadi Santa Teresa, wakalala huko, wakaoga kwenye maji moto ya Cocalmayo, asubuhi wakatembea reli kukiwa kweupe. Walitumia pungufu yetu na hawakukimbizwa na mtu.

Kwa hiyo anza na tiketi ya kuingia, tena inunue mwenyewe kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Peru. Mgeni mtu mzima ni sol 152, dola arobaini na kitu. Chagua mzunguko na saa kwa mkono wako, halafu ndipo utafute gari linaloendana na saa hiyo. Zikiisha mtandaoni, kuna tiketi 1,000 kwa siku zinazouzwa dirishani Aguas Calientes, ila jiandae kupanga foleni na pengine kungoja siku ya pili. Ukitaka kurudi siku ileile kwa Hidroeléctrica, ingia alfajiri, uwe umetoka Aguas Calientes kabla ya saa tano na nusu. Basi la kupanda mlimani ni dola 12 kwa kwenda, ngazi ni bure na ni saa moja na nusu ya jasho. Acha siku moja ya ziada pia, maana Januari 2024 na tena Septemba 2025 wenyeji waliziba reli kwa maandamano na watalii wakakwama, wa treni na wa miguu.

Wenye miguu ya mlima waiangalie njia ya miguu ya Salkantay, siku tano, unavuka mita 4,600 na huhitaji kibali kama cha Inca Trail, njia ya kale ya Wainka, ambayo ni watu 500 tu kwa siku pamoja na wapagazi na lazima upite kwa kampuni.

Wakala akikwambia tiketi utaikuta mbele ya safari, ondoka hapo ofisini. Aionyeshe yenye jina lako, saa na mzunguko, ndipo mzungumze hela.

Shemeji yangu anakwenda mwezi wa sita mwakani na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Aliyewahi kupita Santa Teresa na watoto kwa magari ya wenyeji naomba aandike hapa: gari la kwanza la asubuhi kwenda Hidroeléctrica linaondoka saa ngapi, na wanaweka mikanda?