Nyaraka zenu zimemdanganya ejenti, halafu mnaniambia mimi ndiye sijui kumwelekeza

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Mimi na mwenzangu tunatunza mfumo mdogo wa malipo. Tunatumia maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuunganisha malipo) ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Mwezi uliopita tulihama kutoka toleo la 2 kwenda la 4, na kazi ya kubadilisha msimbo nikampa ejenti wa akili mnemba, yaani programu inayosoma nyaraka na kuandika msimbo yenyewe. Sikumwachia aende anavyotaka. Nilimtaka aanze na mpango, nikausoma, nikaukatakata vipande vidogo, kila kipande na majaribio yake, nikamkataza kugusa majaribio ya zamani. Kila badiliko nililisoma mstari kwa mstari kabla ya kulipokea. Majaribio yote yakapita.

Siku ya tatu mtandao ukayumba, maombi yakarudiwa, wateja 11 wakakatwa pesa mara mbili.

Toleo la 2 lilikuwa linajitengenezea lenyewe ule ufunguo wa kuzuia malipo kurudiwa, ile namba ya kipekee inayoiambia seva kwamba ombi hili ni lile lile la mwanzo, isilihesabu upya. Toleo la 4 halifanyi hivyo tena. Ufunguo lazima uutume mwenyewe. Kwenye orodha ya mabadiliko hawakuliandika. Kwenye mwongozo wa kuhama hawakuliandika. Limo kwenye aya moja, ukurasa wa ndani kabisa ambao hakuna kiungo kinachokufikisha. Na mazingira yao ya majaribio yanapokea ombi lisilo na ufunguo bila kulalamika hata kidogo. Ejenti angejulia wapi? Mimi ningejulia wapi?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwa mbwembwe kuwa nyaraka zake ziko tayari kwa ejenti. Wakaweka faili la llms.txt, ule utaratibu aliopendekeza mtafiti wa akili mnemba Jeremy Howard Septemba 2024 ili modeli za lugha zipate muhtasari safi wa tovuti badala ya kuhangaika na menyu na vitufe. Nimelifungua faili lenyewe. Viungo vyote vya malipo vinakupeleka kwenye mifano ya toleo la 2! Ejenti wangu hakupotea njia. Alifuata njia waliyomchongea wao.

Nikawaandikia. Kwanza ikanijibu roboti yao ya msaada, ikanitajia mpangilio wa kuwasha ulinzi wa marudio. Nimeutafuta kwenye msimbo wa maktaba nzima, haupo. Baadaye akajibu mtu wa kitengo chao cha uhusiano na wasanidi programu: nijifunze kuandika maelekezo bora, na kiungo cha video ya mafunzo hiki hapa. Watu wamekatwa pesa zao mara mbili, mimi napewa video!

Najua atatokea wa kusema tatizo ni ejenti. Utafiti wa 2025 wa METR, shirika linalopima uwezo wa akili mnemba, naujua: wasanidi wazoefu 16, kazi 246, na walipotumia zana hizi walichelewa kwa asilimia 19 huku wenyewe wakiamini zimewaharakisha kwa asilimia 20. Naukubali, ndiyo maana nasoma kila mstari. Lakini macho hata yawe makali vipi hayasomi kilichofichwa.

Hiki kitengo cha uhusiano na wasanidi kazi yake ni ipi? Wanadhamini makongamano, wanagawa fulana na stika, wanahesabu watu waliojiunga na kundi lao la gumzo. Zamani ukurasa mbovu ulimpotezea mtu jioni yake, akauliza Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, jibu likabaki pale likaokoa wengine. Siku hizi kila mtu anamuuliza ejenti wake faraghani. Kosa lile lile linazaliwa upya kwenye kila mradi, na hakuna swali linalobaki hadharani la kumwonya anayefuata. Kampuni nayo haioni malalamiko, inadhani mambo ni shwari.

Kila mnapotoa toleo jipya, mpeni ejenti mradi mtupu na nyaraka zenu tu, mwambieni aunganishe malipo, kisha yakateni mawasiliano katikati mwone kitakachotokea. Akikosea, rekebisheni ukurasa. Na mazingira ya majaribio yakatae ombi lisilo na ufunguo. Hiyo ni kazi ya siku moja. Ingewaokoa wateja wangu wote 11.

Pesa tumezirudisha, na kila mmoja nimempigia simu mwenyewe. Kwenye faili letu la AGENTS.md, lile la maelekezo ambalo ejenti hulisoma kabla ya kazi, nimeandika sharti: hakuna ombi la malipo bila ufunguo, na ejenti asome msimbo wa maktaba iliyosakinishwa kabla ya nyaraka za mtandaoni. Tiketi yangu waliifunga jana, wameandika "imetatuliwa". Asubuhi hii nimelifungua tena lile faili lao.

Bado linaelekeza toleo la 2.