Mashini ya kucheza ya mukono: Windows ao SteamOS?

Mwana Katuba
Bakubwa, jambo yenu. Nko na kuzeni mu Bruxelles, anakuya huku L'shi (Lubumbashi) mwezi wa 12, ananiambia nichague mashini moja ya kucheza, ile ya kushika mu mikono, anipe bonane. Iko Steam Deck OLED, inatembea na SteamOS, ni mfumo wa Linux wa Valve, bale benye duka ya michezo Steam. Iko ROG Ally, inatembea na Windows 11. Minacheza mpira, GTA na mbio za motokari. Musiniambie "zote ni muzuri", hiyo jibu nilisha pata kwa mwenye duka. Windows ku mashini ya mukono inafaa ao haifai, njo swali.

Fundi wa Bel-Air
Windows, kwisha. FC 25, ule mpira wa EA, haifunguke ku SteamOS, programu yao ya kukamata batu ba kutrisha (kudanganya mu mchezo) inakataa Linux. GTA ya online vilevile, tangu mwezi wa 9 2024 walipoweka BattlEye, programu ingine ya namna hiyo. Fortnite hapana, Valorant hapana. Apex ilikuwa inakubali, wakaikata mwisho wa mwezi wa 10 2024. Sasa mutoto wa Katuba asipocheza mpira atacheza nini? Linux ni ya ba-enjenyeri, bale benye banafurahi mashini ikikataa kuwaka juu banapata kazi ya kufanya.

Dada Kyeshero
Enjenyeri gani, yaya? Mimi nauza vitenge Birere, hapa Goma, niko na Deck tangu 2024 na siyaandika amri hata moja. Unawasha, michezo yako iko pale, unacheza. Ndani mule kuna kitu inaitwa Proton, mchezo umetengenezwa kwa Windows, yenyewe inaugeuza wakati unacheza, sawa mkalimani wa kanisa: pasta anahubiri Kifaransa, huyu pembeni anakupa Kiswahili papo hapo. Na kuna siku mkalimani anahubiri kuliko pasta! Legion Go S, mashini ya Lenovo, ilitoka 2025 na mifumo yote mbili, watu wakapima mashini ile ile moja, SteamOS ikapita Windows mu michezo mingi. Shida yenu nyinyi wa L'shi muko na umeme wa kuchezea, munafikiri kila mutu anashinda na mashini ku priz.

Kamalondo 243
Umeme wa kuchezea???

Dada, kuya ulale hapa Kamalondo juma moja tu, moja. Tuko na Nzilo, Nseke, Mwadingusha, Koni, barrage ine, na kuran ya umeme yote inapita juu ya vichwa yetu inaenda ku ma-mine, siye tunabakia kuhesabu ndege zenye zimekaa ku waya. Jana nilikula bukari tochi ya telefoni iko mu kinywa. Mu kinywa! Nachukua tonge, natoa telefoni, nameza, narudisha telefoni. Halafu mutu wa Goma ananiambia umeme wa kuchezea.

Kadutu Juu
Hahaha sasa wewe mu kinywa juu ya nini, hauna meza ya kuiwekea?

Kamalondo 243
Meza iko na sahani. Usinichokoze mutu wa Bukavu.

Fundi wa Bel-Air
Ninaona dada ameruka FC kama vile anaruka matope.

Dada Kyeshero
Mpira sichezake, siruke kitu. Nilijibu ile ya enjenyeri juu ulifanya kama wanamuke wa soko hatuwezi shika mashini bila mutu wa kutusimamia.

Na wewe Kamalondo, usiniambie kuya ulale. Mwezi wa kwanza 2025 hapa Goma tulikaa bila umeme, bila maji, bila intaneti, risasi inalia, watoto wangu wawili chini ya meza. Ile mashini munacheka njo iliwashika. Nilishusha mwangaza, nikabana shipu ku wati 4 isikunywe batri, mchezo wa kulima tu, kila moja zamu yake ya nusu saa. Ikipigwa karibu nabonyeza kitufe kimoja ya juu, giza. Ikitulia nabonyeza tena, mukulima eko palepale na jembe mu mukono, hata jua ya mule ndani haijasogea. Bila mtandao, juu michezo ilikuwa ilishashuka na nilikuwa nimeshaifungua. Fanyeni vile na Windows munieleze.

Kamalondo 243
Pole sana dada. Hiyo sikuiwaza.

Lakini ile neno ya umeme wa kuchezea bado uiondoe.

Kadutu Juu
Bandugu, Bukavu tuko na mto Ruzizi pale chini, tunausikia unanguruma na giza inatupata vilevile, basi tuache kushindana umaskini. Turudi ku mashini. Mi najua kama Ally batri yake ni Wh 80 (wati-saa, njo ukubwa wa batri) na Deck OLED ni 60, kwa hiyo Ally inapita, Windows ao si Windows. Mutu wa giza anunue batri.

Fundi wa Bel-Air
80 ni Ally X, ya 2024, hiyo kuzeni hakuitaja. Ally ya kwanza ya 2023 ni Wh 40. Deck ya kwanza 40, OLED 50. Mi niko upande wa Windows lakini hesabu ni hesabu: ile Ally ukiweka turbo shipu peke yake inakunywa wati 25, ongeza ekrani ya 1080p, ongeza feni, saa moja na kidogo umebaki kuangalia sura yako mu kioo nyeusi. Deck shipu yake inaishia ku 15 na ekrani ni 1280 kwa 800 tu. Njo maana inakawia, hakuna uchawi wa Linux pale.

Na usingizi wa mashini, ile kitufe ya giza, hapo dada eko na haki. Windows ku hizi mashini inalala sawa mulinzi wa usiku, jicho moja wazi. Nasema ukweli siogope mutu.

Dada Kyeshero
Asante. Umeona kusema haki haiume.

Himbi na Kahawa
Mbona munasema kama vile mfumo ni ndoa ya kanisa? Deck inakubali Windows, Valve wenyewe wanatoa draiva. Ally inakubali Bazzite, ni Linux ya nyumba ya Fedora, inafanana na SteamOS, na tangu SteamOS 3.7 mwezi wa 5 2025 hata hiyo yenyewe inaanza kuzoea Ally. Halafu Microsoft nao wamesikia kelele: ROG Xbox Ally ya tarehe 16 mwezi wa 10 2025 inawaka moja kwa moja ku ekrani ya michezo, ile meza ya Windows na takataka zake haipakiwe, wanasema memori inapona karibu giga 2. Windows yenyewe sasa inaiga Deck. Ila ile X yake ilitoka na bei ya dola 999 kule Marekani, kuzeni wa Bruxelles ataanza kutojibu telefoni.

Ruashi Pikseli
Wote munaimba Steam Steam. Nani hapa alisha lipa mchezo hata moja mu maisha yake? Tuseme ukweli, Windows ni muzuri juu mchezo ya ku flashi inaingia bila maswali. Tena ba-fundi ba Bel-Air njo banaziuza.

Fundi wa Bel-Air
Unamaanisha nani?

Ruashi Pikseli
Sikutaja mutu. Mwenye kofia inamutosha avae.

Fundi wa Bel-Air
Mudogo wangu, ulikuya kwangu na ordi ya dada yako, mbili zote mumelia, nikawaondolea virusi makumi, sikuwadai hata bei ya kahawa. Leo unanianika hapa. Sawa.

Ruashi Pikseli
Virusi ilitoka wapi yaya? Ilitoka ku flashi. Flashi ilitoka wapi?

Kadutu Juu
Uuuwi.

Dada Kyeshero
Mimi nalipa. Nangojea wakati wa kushusha bei, mchezo wa dola 20 nauchukua kwa 4, nafanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Kitu inaniua ni mega za intaneti, mchezo mkubwa wa giga 80 siwezi, naangaliaka uzito mbele ya bei. Na hapo tena Windows ingenimaliza, ile sasisho yake haibishe hodi.

Mwana Katuba
Niko hapa nasoma. Dada, unachaji na nini kama umeme umeenda?

Dada Kyeshero
Paneli ya wati 100 ku mabati, inashuka ku batri ya motokari, halafu ile shaja ndogo ya kuchomeka mu motokari yenye tundu ya USB-C. Angalia iandikwe 45W, juu Deck inataka 45. Nilianza na ya 18, ikawa nikicheza asilimia inashuka huku mashini inaandika "inachaji", nikafikiri nimerogwa.

Kadutu Juu
Paneli ya nini, chukua batri ya mfukoni ya mAh 20 000, inachaji Deck mara tatu.

Fundi wa Bel-Air
Mara tatu ku ndoto. 20 000 mara volti 3.7, gawa kwa 1 000, inafanya Wh 74, njiani joto inakula yake, OLED utaijaza mara moja na kipande. Na umuulizie kuzeni, ndege inakubali mpaka Wh 100 bila kuomba ruhusa, hiyo ya 74 inapita mu begi ya mukono, asiitie mu sanduku.

Himbi na Kahawa
Huku kwetu Goma ndege iliacha kushuka mwezi wa kwanza 2025, mzigo ikawa inashukia Kigali, kisha Gisenyi, kisha unabembeleza barriere ya mupaka. Nyinyi kiwanja yenu ya ndege ya Luano inafanya kazi munalia.

Kamalondo 243
Sasa ni ndege? Mbele umeme wa kuchezea, sasa ndege ya kuchezea. Watu wa Goma munatutafuta nini?

Mwana Katuba
Basi mukubwa Fundi, ile shaja ya 45 ya motokari iko kwako? Kuzeni nilisha mwandikia, OLED ya giga 512.

Fundi wa Bel-Air
Iko. Lakini FC yako je? Nilikueleza ya kwanza kabisa haitafunguka, nani alisoma?

Mwana Katuba
FC yaya minaicheza ku sali ya PlayStation, pale batoto wote bamesimama nyuma yangu banapiga kelele. Ku nyumba nikifunga goli nani ananiona, mama eko anapima unga.

Ruashi Pikseli
Ukienda kununua shaja umuulize kama flashi iko.

Fundi wa Bel-Air
Wewe nitakutafuta Ruashi kwa miguu.

Kamalondo 243
Dada Kyeshero, minakuona uko hapa unasoma. Umeme wa kuchezea. Ondoa.