Mtoto kapewa tiketi ya MK Dons, binamu yake ni wa AFC Wimbledon: nifanyeje?

Kutoka: Mama wa Bletchley

Salaam ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Tumehamia Milton Keynes kiangazi hiki, baba watoto kapata kazi ghala moja huku. Kijana wangu ana miaka kumi. Kapata rafiki mtaani, na wazazi wa huyo rafiki wamejitolea kuwa wanakwenda naye uwanjani kutazama MK Dons. Wamempa na skafu. Mimi nikashukuru, maana kuhama kulimnyong'onyeza sana.

Juzi dada yangu mkubwa kaja kututembelea kutoka Mitcham, London, na mumewe na mwanawe. Yule mtoto kuiona tu skafu imetundikwa mlangoni, kagoma kula. Anasema hiyo ni timu ya wezi. Wameshinda siku nzima hawasemezani, na shemeji badala ya kumkanya akabaki kimya, kama anayekubaliana naye. Watoto hawa wamelala kitanda kimoja tangu wakiwa wadogo.

Mpira siujui. Naomba mnieleze: kuna nini kati ya hizi timu mbili, na zikikutana huwa inakuwaje? Je, ni salama mwanangu kuivaa hiyo skafu akienda kwa mama yake mkubwa? Au niirudishe tiketi kwa adabu?

Kutoka: Kaka wa Colliers Wood

Dada, salaam. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili lina mzizi, na ukipewa jibu la haraka utaona watu wazima wanagombea mpira tu. Nikwambie mapema kwamba mimi ni mwanachama wa AFC Wimbledon, kwa hiyo upande wangu unajulikana.

Wimbledon FC ilianzishwa mwaka 1889 huku kusini-magharibi mwa London. Iliingia ligi ya kulipwa mwaka 1977, ikapanda madaraja mbio mbio hadi daraja la juu kabisa mwaka 1986. Mwezi wa Mei 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Liverpool ile ndiyo iliyokuwa bingwa wa nchi.

Mwaka 1991 wakauacha uwanja wao wa Plough Lane na kuwa wapangaji wa Crystal Palace pale Selhurst Park. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wenye timu wakawa wanatafuta pa kwenda, hata Dublin iliwahi kutajwa. Tarehe 28 Mei 2002 jopo la watu watatu lililoteuliwa na FA, chama cha soka cha Uingereza, likaamua, wawili kwa mmoja, kwamba timu iruhusiwe kuhamia Milton Keynes, karibu kilomita 90 kutoka kwa watu wake. Mashabiki walishasema wazi kuwa hilo likipita wataunda timu yao. Jopo likaandika kuwa kufanya hivyo hakutakuwa kwa maslahi mapana ya soka. Sentensi hiyo watu wa huku wanaijua kwa moyo, na wanaikumbuka kila timu yao inapopanda daraja.

Walioko Tanzania wameona Ihefu ya Mbarali kule Mbeya ikihamia Singida mwaka 2024 na kuwa Singida Black Stars. Mtu wa Ubaruku hahitaji kuelezwa ninachosema.

Basi mashabiki wakaitisha majaribio ya wachezaji kwenye nyasi za Wimbledon Common, mwezi mmoja tu baada ya uamuzi. Wakaja zaidi ya 200. Timu mpya ikaitwa AFC Wimbledon, mali ya wanachama wenyewe kupitia The Dons Trust, ikaanzia daraja la tisa, kwenye viwanja ambavyo kamba ndiyo inayomtenga mtazamaji na mchezaji. Kati ya 2003 na 2004 ilicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2011 ikaitoa Luton kwa penalti na kuingia ligi ya kulipwa. Miaka tisa, dada, kutoka majaribio ya porini mpaka Football League.

Ile iliyohama ilicheza Milton Keynes kuanzia Septemba 2003, na mwaka 2004 ikabadili jina kuwa Milton Keynes Dons. Hilo neno Dons ndilo linalowachoma watu wa huku, maana limetokana na Wimbledon. Wengi hawalitamki wakiitaja timu ya kwenu. AFC Wimbledon wenyewe waliwahi kufunguliwa shauri na bodi ya ligi kwa kutoliandika jina hilo kamili wanapokaribisha mechi, na shauri likaisha kwa usuluhishi.

Sasa mechi. Mara ya kwanza kabisa kukutana ilikuwa kwenye Kombe la FA, tarehe 2 Desemba 2012, kwenu Stadium MK. Wenzetu wengi waligoma kwenda, wakiona kukaa kwenye viti vile ni kukubali yaliyotokea. MK wakatangulia, Jack Midson akasawazisha, halafu dakika za lala salama Jon Otsemobor akaugusa mpira kwa kisigino ukaingia. 2-1. Mwaka 2014 wakakutana mara mbili kwenye vikombe: Agosti MK wakashinda 3-1, Oktoba sisi tukashinda 3-2 palepale kwao, bao la ushindi la Adebayo Akinfenwa. Ndio ushindi wetu wa kwanza juu yao.

Lakini vikombe ni bahati ya kura. Ligi ndiyo kipimo, kwa sababu ligi inataka uwe umefika daraja alilopo mwenzako kwa miguu yako mwenyewe. Mwaka 2016 sisi tulipanda kwa mchujo kule Wembley, 2-0 dhidi ya Plymouth, na MK wakashuka kutoka Championship, daraja la pili. Tukakutana League One, daraja la tatu. Ya kwanza ilichezwa kwenu Desemba 10, MK wakashinda 1-0 kwa penalti ya Dean Bowditch.

Marudiano yalikuwa Jumanne usiku, tarehe 14 Machi 2017, kwenye uwanja wetu wa wakati ule, Kingsmeadow, mdogo, watu wamesimama bega kwa bega. Jake Reeves akafunga, Lyle Taylor akaongeza. 2-0. Nilikuwa jukwaani. Kipenga cha mwisho kilipolia, mzee mmoja wa Kiingereza aliyesimama pembeni yangu hakushangilia. Aliniomba simu, akaniambia nimfungulie msimamo wa ligi. Akaweka kidole juu ya kioo, akatafuta jina letu, akashuka nacho mpaka jina la MK. Tulikuwa juu yao. Akanirudishia simu, akafuta miwani. Nimetazama mechi nyingi kubwa kwenye televisheni, hakuna iliyonigusa kama ile.

Msimu uliofuata, Septemba 2017, walikuja palepale wakatupiga 2-0. Mpira ndivyo ulivyo.

Novemba 2020 tukarudi Plough Lane, uwanja mpya karibu kabisa na ule wa zamani, viti na nafasi elfu tisa na ushei. Corona ikawa imewafungia watu nje. Na MK walipokuja mara ya kwanza, Januari 30, 2021, majukwaa matupu, wakashinda 2-0. Ile iliniuma kuliko vipigo vingine vyote: tumeirudia nyumba yetu, halafu wao wanaingia kabla yetu. Kufuta uchungu huo ilibidi tusubiri mpaka Machi 2, 2024, tukiwa wote League Two, daraja la nne, Ronan Curtis alipofunga muda wa nyongeza. 1-0, na safari hii watu walikuwamo. Septemba mwaka huo huo tukawafunga 3-0.

Mwezi Mei 2025 tukaifunga Walsall 1-0 kwenye fainali ya mchujo na kupanda League One. MK wamebaki League Two. Kwa hiyo msimu huu wa 2025/26 hawakutani kwenye ligi, na swali lako la usalama limepungua nusu.

Kuhusu mtoto: mkanye huyo wa Mitcham, na shemeji aambiwe. Waliofanya uamuzi ule ni watu wazima, mwaka 2002. Mwanao hajazaliwa, na hata jirani yako pengine alikuwa shuleni. Mimi nina hasira na uamuzi, sina hasira na mtoto.

Kutoka: Mzee wa Wolverton

Wanangu, marahaba. Namshukuru kijana wa Colliers Wood kwa kusema kwa haki. Niongeze ya upande huu, maana nimekaa Milton Keynes muda mrefu na wanangu wamekulia hapa.

Mji huu ulitangazwa mwaka 1967, ukajengwa juu ya mashamba na vijiji. Watu walitoka kila mahali, na hawakuwa na timu ya ligi. Timu ilipoletwa, wengi wetu hatukuulizwa pia. Sikuona sawa ilivyoletwa na sijabadilika. Lakini mtoto wangu alihitaji pa kwenda Jumamosi, na pale Denbigh, ulipo uwanja wa MK, walimpokea.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kule wakati mwingine hawalitaji. Mwaka 2007 MK Dons walikubali kuvirudisha vikombe na kumbukumbu za Wimbledon FC kwa halmashauri ya Merton, ya huko huko Wimbledon, na historia yao rasmi wanaianza 2004. Kombe la FA la 1988 hawadai kuwa ni lao. Kwangu hilo ni jambo kubwa, ingawa halirudishi kilichochukuliwa.

Na mtoto ajue timu yake ina mambo yake. Agosti 2014, wiki mbili baada ya ile 3-1, waliifunga Manchester United 4-0 hapa hapa. Will Grigg mawili na Benik Afobe mawili. Afobe huyo baadaye aliichezea Kongo, jirani zangu wa Lubumbashi hawanipi nafasi ya kusahau. Dele Alli naye amezaliwa mji huu na kukulia kwenye timu hii. Tangu 2024 wenye timu ni kundi la wawekezaji kutoka Kuwait, wamemrithi Pete Winkelman aliyeileta.

Usirudishe tiketi, mwanangu. Jirani amekunjua mkono.

Kutoka: Dada wa Luton

Mie nitajibu ya vitendo, kwa sababu napeleka watoto viwanjani kila wiki mbili. (Nilianza kufuatilia madaraja haya Haji Mnoga wa Taifa Stars alipokwenda Salford City mwaka 2024, sijaacha tena.)

Tiketi: mwulize jirani ni jukwaa gani, na kama lina eneo la familia. Ukitaka kwenda nawe, nunua kwenye tovuti ya timu kabla ya siku, usinunue kwa mtu nje ya geti. Stadium MK ina viti zaidi ya 30,000 na League Two hawajai hata nusu, kwa hiyo hutakosa nafasi.

Rangi: MK nyumbani ni nyeupe. Wimbledon ni bluu na manjano. Mtoto asikae jukwaa la wenyeji na nguo ya wageni, hata kama ni koti tu, walinzi wanaweza kumtoa pamoja na wewe. Hiyo ni kwa viwanja vyote, si hivi viwili peke yake.

London: treni na mtaani hakuna atakayemgusa mtoto wa miaka kumi kwa skafu. Ila siku AFC Wimbledon wanacheza nyumbani, usimpitishe nayo stesheni za karibu na uwanja wao, Haydons Road wala Earlsfield, saa za mechi. Atasikia maneno ambayo hukumlea nayo. Iweke kwenye begi.

Bia: sheria hairuhusu kunywa mahali unapouona uwanja, ndiyo maana utaona wanaume wamejazana kwenye korido mapumziko. Msipite hapo na watoto dakika hizo, pitieni mapema. Chupa ya maji watakunyang'anya kifuniko.

Televisheni: mechi nyingi za Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi hapa Uingereza, ni marufuku ya siku nyingi ili watu waende viwanjani. Ndugu walioko Muscat au Dar wanaweza kuziona wakati wewe wa Bletchley huzioni. Kwa hiyo bibi yake akipiga simu kusema kamwona mjukuu kwenye kioo, usishangae.

Kutoka: Mama wa Bletchley

Ahsanteni sana nyote. Nimemsomea mwanangu barua ya kaka na ya mzee, zote mbili, neno kwa neno. Kauliza kama Wimbledon ile ya zamani ilikuwa inacheza wapi hasa, na kama binamu yake ameshapaona.

Nimempigia dada. Tumekubaliana wakati wa mapumziko ya shule Oktoba watoto waende Plough Lane siku isiyo na mechi, wapaone tu, halafu Jumamosi yake binamu aje huku. Shemeji ndiye kanishangaza: kasema atawapeleka yeye Stadium MK, ila hatashangilia bao. Nimemwambia hilo halina tatizo.

Swali moja limebaki. Kutoka Bletchley kwenda Plough Lane kwa treni na watoto wawili, njia ipi nyepesi?

Kutoka: Kaka wa Colliers Wood

Bletchley hadi Euston. Hapo shukeni chini, mchukue Northern line ya kwenda Waterloo, hakikisheni ni tawi la Charing Cross na si la Bank. Waterloo mpande treni ya kusimama Earlsfield, halafu mnatembea kama dakika ishirini kuifuata Garratt Lane. Mkifika nipigieni, naishi karibu, nitakuja kuwaonyesha palipokuwa uwanja wa zamani. Sasa ni nyumba za watu, bila mwenyeji mtapapita.