Tupeane uzoefu: lipu inayokutana na fremu ya mlango

Wakuu, habari za leo. Nyumba nimehamia mwezi wa nne, lakini kila nikipita mlango wa chumbani roho inaniuma. Pale lipu inapogusana na fremu ya mninga kuna ufa mwembamba kama uzi, umeshuka toka juu mpaka chini. Fremu nayo ina madoa ya saruji, msasa umeshindwa. Fundi kaziba ufa mara mbili kwa simenti, rangi ikikauka tu unarudi. Yaliyowakuta na nyie yapi?

Fundi, Morogoro
Pole mkuu. Acha kuziba kwa simenti. Mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, lipu haiwezi kuifuata. Mimi lipu ikianza kukaza napitisha ncha ya mwiko kati yake na fremu, nakata kamfereji. Ufa ukija unakaa humo humo, na kibao cha pembeni kinaufunika. Wewe kwangua, futa vumbi, kisha jaza ile gundi ya kuzibia inayovutika na kupokea rangi. Silikoni ya bafuni haishiki rangi. Na madoa yale dawa yake ni kabla: fremu ipigwe vanishi mkono mmoja, ivalishwe nailoni, na tope likidondoka lifutwe papo hapo.

Mama mwenye nyumba, Dodoma
Langu lilianzia kwenye vipimo. Nilijengea tofali za inchi 6, fremu nikanunua za 2 kwa 6. Lipu nusu inchi kila upande, ukuta ukawa inchi 7! Lipu ikatokeza mbele ya fremu, fundi akaikata mshazari, na kona hizo watoto wamezimegua zote. Nyumba ya uani nikatumia tofali za inchi 5. Hesabu ikakubali, rula unailaza kwenye lipu na fremu kwa pamoja haichezi. Ila mpime fremu ikishapigwa randa, maana randa inakula mbao.

Aliyeanzisha
Asanteni sana. Leo nimeanza kukwangua. Nilipoegemea fremu nikaona inasogea, na mlango ukibamizwa vumbi linadondoka ufani.

Fundi, Morogoro
Hapo umeugusa ugonjwa wenyewe, mkuu. Simamisha kukwangua. Fremu haikufungwa vizuri ukutani, na hata gundi itachanika. Chimba sehemu tatu kila upande: karibu na juu, katikati, karibu na chini. Funga vyuma vya kushikia fremu, pima timazi, jaza zege, na mlango usiutumie siku saba huku ukimwagilia. Lipu iwe ya mwisho. Nitumie picha ya shimo la kwanza kabla hujajaza.