Naomba ushauri: mdogo wangu anasema Ukristo ni dini ya wazungu

Shalom wapendwa. Mdogo wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Likizo hii amegoma kwenda kanisani, eti Biblia ililetwa na wakoloni. Juzi mama anaombea chakula, yeye anaendelea kula tu. Mama machozi yakamlengalenga.

Nikamwambia Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliupokea Ukristo karne ya 4, na Augustino, mwalimu maarufu wa Kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 huko Algeria ya leo, wazungu hawajafika kwetu. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Na wachungaji waliotetea utumwa je?" Hapo nilikwama, maana ni kweli walikuwepo, na sitaki kumdanganya. Mliopitia haya, mlijibuje? Jumapili anarudi chuo.